Upande wa Kushoto wa Meza

Katika chumba chetu cha upasuaji, ukitaka kujua ni nani hasa anayepasua, usimtazame anayeongea sana. Tazama miguu. Mwenye kisu husimama kulia kwa mgonjwa, msaidizi wake kushoto. Ndivyo tulivyowakuta waliotutangulia, na ndivyo tunavyofanya. Mimi kazi yangu ni kulaza watu usingizi, kwa hiyo hukaa kichwani kwa mgonjwa, nyuma ya pazia la kijani, pamoja na mashine yangu na mabomba yangu ya sindano. Kutoka pale siwezi kukiona kidonda. Naona viwiko, naona miwani, na nikiinama kidogo, naona viatu vya mpira chini ya meza.

Mwaka ule niliviona viatu vya Taratibu vikihamia kushoto.

Taratibu ni jina tulilompa daktari wetu wa upasuaji, naye alilijua na hakulikataa. Kila daktari kijana aliyeshika kisu mbele yake alisikia neno hilo, na lisipotosha aliongezewa: "Taratibu, hatukimbizwi na mtu." Baba yake alikuwa seremala wa viti. Yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi alizimia katika upasuaji wa kwanza aliouona, akaanguka na sinia zima la vyombo, na hadithi hiyo aliwasimulia wanafunzi wote kabla hawajaisikia kwa mwingine. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alipokuja kumchukua jioni alikuwa akitushangaa.

"Huyu nyumbani hawezi kukata mkate ukanyooka," alisema. "Kipande kinaanza na unene wa kamusi, kinaishia na unene wa karatasi. Halafu nyinyi mnampa watu!"

"Mkate hauna mishipa, mama," Taratibu alijibu. "Haunitishi."

Nilifanya naye kazi miaka mingi kabla sijamuuliza anapata nini katika kazi hii. Tulikuwa tumemaliza mgonjwa wa goita, na yeye alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kofia mkononi, anatabasamu peke yake kama mtu aliyekumbuka kichekesho cha zamani. Aliniambia kuhusu mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya tezi ya shingo kwenda kwenye kisanduku cha sauti. Ni mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, na umejificha mahali pa damu. Ukiukata, mtu anabaki anaongea kama upepo chini ya mlango.

"Unautafuta, unaupata, unauacha hapohapo ulipoukuta," alisema. "Hakuna mgonjwa atakayekushukuru kwa kitu ambacho hukukikata. Hajui hata kama anacho. Lakini mimi nikiuona, dada, siku nzima sisikii njaa."

Nilicheka, ila sikumwamini moja kwa moja. Mimi ni mtu wa kushuku, na kazi yangu imenizidishia. Mgonjwa anayepumua vizuri mno namtazama mara mbili. Madaktari wanaofurahia kisu nimewaona pia: wapo wanaopenda kutazamwa, wapo wanaopenda kuogopwa. Furaha ya Taratibu niliipima muda mrefu nikitafuta ina kasoro gani, nikaishia kuizoea bila kupata jibu.

Ndiyo maana viatu vile vilinisumbua.

Ilianza alipokuja Daktari Mdogo, mwanamke kijana, mkimya, mfupi kiasi kwamba alihitaji kibao cha kusimamia ili aifikie meza. Mwanzo kibao kiliwekwa kushoto, mahali pa msaidizi. Baada ya muda nikakiona kulia. Manesi wakasema mzee anamlea vizuri, mwacheni amwachie nafasi. Lakini kumwachia mwanafunzi nafasi leo na kesho ni jambo moja, na kutosimama kulia hata siku moja ni jambo jingine. Zaidi ya hapo, Taratibu alikuwa na mazoea ya kuvuma puani kazi inapomwendea vizuri, mvumo usio na wimbo wowote. Sasa alikuwa kimya kuanzia ngozi ya kwanza hadi uzi wa mwisho.

Nikaanza kumvizia. Niling'oa kifungo cha koti langu jeupe, nikampelekea na sindano na uzi. "Kaka, nitungie, macho yangu leo mabaya."

Aliitazama ile sindano, kisha akanitazama mimi. "Mimi nashona watu. Nguo peleka kwa fundi."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nilikwenda na kifungo changu mfukoni, shaka imeongezeka.

Kisha ikaja siku ya chai. Tulikuwa chumba cha mapumziko, na birika lilikuwa limetoka motoni wakati huohuo. Taratibu alimimina chai katika kikombe cha bati, akakishika ubavuni, si kwenye mpini, kwa vidole vya mkono wa kulia. Akasimama nacho, akimsimulia nesi mkuu habari za paa lake linalovuja, bila haraka yoyote. Mwishowe akanipa mimi. Nilikipokea vilevile alivyokishika, nikakiachia hapohapo. Kilianguka, chai ikamwagika hadi kwenye viatu vya nesi mkuu, na kiganja changu kikabaki chekundu siku nzima.

"Una haraka gani nawe?" nesi mkuu aliniuliza.

Nilikuwa namtazama Taratibu, naye alikuwa anavitazama vidole vyake.

Ningeweza kunyamaza kama wengi wanavyonyamaza kazini. Lakini mdogo wangu alikuwa kwenye orodha ya wiki iliyofuata. Huyu mdogo wangu ananadi nguo za mitumba sokoni. Anasimama juu ya meza, nguo begani, na sauti yake inafika mpaka kituo cha mabasi. Sokoni wanamwita Kengele. Anaishi kwa koo lake, na kooni hapo ilikuwa imeota goita ya ukubwa wa chungwa, iliyoanza kumbana pumzi akilala. Alikuwa amekataa kupasuliwa miaka na miaka kwa kuogopa sauti. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia: tunaye mtu hapa ambaye mkono wake haujawahi kumpotezea mgonjwa sauti. Alikubali kwa sharti moja, mtu huyo awe ndiye.

Siku mdogo wangu alipolazwa, nilimfuata Taratibu chumba cha kubadilishia nguo, nikafunga mlango.

"Kaka, mkono wako una nini?"

"Upi?"

"Usinifanye mtoto."

Alikaa kwenye benchi. Alivua kiatu kimoja, akakiweka chini, akawa kama amesahau cha pili. "Gumba na vidole viwili," alisema. "Ni kama nimevaa glovu mbili wakati nimevaa moja."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunitazama viatu."

Nilisikia aibu, lakini haikunizuia. Akaeleza kwamba ni shingo yake, ile miaka ya kuinama. Pingili zimebana mshipa. Mwenzake mmoja amemwambia ganzi huenda ikaondoka, huenda isiondoke. Mganga mkuu hajui bado. Mke wake anajua. Daktari Mdogo alijua bila kuambiwa.

"Na mdogo wangu? Umemwahidi."

"Nilimwambia nitakuwepo. Sikumwambia nitakata."

"Huo ni ujanja."

"Ni ujanja," alikubali. "Naomba radhi."

Kukubali kwake upesi hivyo kulinikera zaidi ya kama angebisha. Nikamwambia kwamba sasa naelewa, tabasamu analotoka nalo chumbani siku hizi ni la kuigiza, anatudanganya sote na pengine anajidanganya mwenyewe.

"Juzi Daktari Mdogo aliupata ule uzi wa shingoni kabla yangu," alisema, kama hakusikia tusi langu. "Mimi nilikuwa natafuta juu, yeye akauona chini. Hakusema kitu. Alinionyesha kwa ncha ya koleo tu. Nilitaka kupiga kelele, dada. Nimeufuata uzi huo maisha yangu yote, na siku ile nilifurahi kuliko siku yangu ya kwanza."

Nilimtazama nikawaza: ndivyo anavyosema mtu anayenyang'anywa kitu na hataki kuonekana analia. Nikampa masharti. Amwambie mdogo wangu mwenyewe, kwa mdomo wake, kesho asubuhi, la sivyo mchana nitakuwa ofisini kwa mganga mkuu.

Asubuhi alikuja wodini na Daktari Mdogo nyuma yake. Kengele alikuwa ameketi kitandani amevaa gauni la hospitali, anaukagua mshono wake kwa dharau.

"Hili gauni kwangu hata bure hawachukui," alituambia. "Haya, daktari, mbona umeleta uso wa msibani?"

Taratibu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akamwonyesha vidole vyake vitatu, akamweleza kila kitu bila kupunguza: kwamba havihisi vizuri, kwamba atakayekata ni huyu hapa, kwamba yeye atasimama mbele yake mwanzo hadi mwisho, na kwamba Kengele ana haki ya kusema hataki, akatafutiwa hospitali nyingine bila mtu kumnunia.

Mdogo wangu alivitazama vile vidole kimoja kimoja. Kisha akamgeukia Daktari Mdogo.

"Wewe umeshafanya hii?"

"Nimefanya. Zile za mwisho mzee hakugusa kitu."

"Sasa mbona unatetemeka sauti?"

Daktari Mdogo alinitupia jicho. "Sijawahi kumfanyia ndugu wa mtu anayenichukia."

"Nani, huyu?" Kengele akacheka mpaka goita ikamkaba, akakohoa. "Dada yangu hakuchukii. Ndivyo uso wake ulivyo. Hata mimi nilipozaliwa alinitazama hivyohivyo, mama alisema." Akajifuta machozi ya kikohozi. "Mimi nauza nguo zilizovaliwa. Nikificha tobo, mteja anarudi na matusi. Nikimwonyesha, anaingiza kidole, anapima, anaamua. Nimeonyeshwa tobo, nimeamua. Ni huyuhuyu. Na wewe daktari usiende kunywa chai katikati."

Waliondoka wakiwa wepesi zaidi ya walivyokuja. Mimi nilibaki pale mlangoni nikijiuliza kama wale wawili hawakupanga maneno yao njiani.

Ndugu wa mgonjwa hatakiwi kuwa chumba cha upasuaji. Mwenzangu wa dawa za usingizi alijitolea kunishikia zamu. "Kaa nje, dada," aliniambia. "Mkono wa ndugu huwa mzito." Nilikataa. Taratibu aliponikuta nakagua mashine alisimama akaniangalia.

"Umekuja kumlaza au kutulinda?"

"Vyote."

Hakubishana. Angebishana, labda ningetoka.

Kengele alilala huku ananitukana kwa upendo. Nikafungua kinywa chake ili nipitishe mpira wa kupumulia, na nikakuta goita imelisukuma koromeo upande, njia imepinda. Ni jambo la kawaida kwa wagonjwa wa aina hii na ninalijua. Lakini nusu ya akili yangu ilikuwa ng'ambo ya pazia, inasikiliza wale wawili wanavyonong'ona. Mpira uligonga ukakataa. Nikautoa, nikampa hewa, nikajaribu tena, nikausukuma kwa nguvu kidogo kuliko nilivyopenda. Ukaingia. Hakuna aliyesema kitu, maana hilo nalo ni la kawaida.

Kisha nikainama. Kulia, juu ya kibao, viatu vidogo. Kushoto, viatu vya Taratibu, visigino vimekutana kama mtu aliye kwenye foleni.

Sijui niseme nini kuhusu muda ule. Nilitazama namba zangu kwenye mashine na zote zilikuwa nzuri, jambo ambalo halikunituliza. Nilisikia mkasi, nikasikia mashine ya kufyonza damu, nikasikia ukimya. Ukimya ukawa mrefu. Kichwa changu kikaujaza damu nisiyoiona.

"Nauona," Daktari Mdogo alisema.

"Nionyeshe."

Halafu, kutoka kushoto, Taratibu akaanza kuvuma puani. Ni mara ya kwanza baada ya miezi. Ningefurahi, lakini nilijiambia anavuma kwa ajili yangu, ili nidhani mambo ni mazuri.

Tezi ilitoka nzima. Walifunga ngozi. Kwa wagonjwa wa shingo tuna desturi: kabla hawajatolewa chumbani, wakishaamka kiasi cha kuelewa, tunawaambia waseme neno. Nilitoa mpira, nikamwita mdogo wangu kwa jina la utotoni, nikamwambia aniite.

Alifungua kinywa. Ukatoka upepo.

Nilimwambia arudie. Akajaribu, uso ukamkunjamana, ukatoka upepo na mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa chumba cha jirani. Akaniangalia, na katika macho yake yaliyojaa usingizi nikaona ameelewa.

Alipokwishapelekwa wodini niliwageukia wale wawili pale pale kwenye ujia, manesi wakisikia. Nilimwambia Daktari Mdogo kwamba ameukata. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliuona mzima mpaka mwisho. Nikamwambia aliona uzi, na shingoni nyuzi ni nyingi. Nikamgeukia Taratibu nikamwambia kwamba ametafuta mikono ya kuazima ili asiseme kwaheri kwa kazi, na mdogo wangu ndiye aliyetozwa, na kwamba safari hii nakwenda kwa mganga mkuu, hakuna wa kunizuia.

Daktari Mdogo alivua kofia yake akabaki ameishika kwa mikono miwili. Taratibu alingoja nimalize. Kisha akaniuliza, kwa upole ule ule anaowaulizia wagonjwa lini walikula mara ya mwisho:

"Mpira uliingia kwa urahisi?"

Nilivua glovu zangu, moja baada ya nyingine.

"Koo litulie mpaka kesho," alisema. "Kesho tutaangalia."

Usiku huo sina cha kusimulia, isipokuwa kwamba sikwenda kwa mganga mkuu. Asubuhi nesi mkuu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayefurahia kuwa wa kwanza, kwamba Taratibu alikuwa ameshakwenda mwenyewe. Alimwambia bosi kuhusu vidole vyake na kwamba hatashika kisu tena mpaka vipone, na visipopona basi. Alikwenda kabla ya kujua sauti ya Kengele imekuwaje. Niliposikia hivyo, fikra yangu ya kwanza ilikuwa kwamba amewahi ili nisimtangulie. Ya pili sikuiruhusu ije.

Tulikutana kwenye chumba kidogo cha kupimia. Kengele aliketi kwenye kiti, bandeji shingoni, ameninunia kwa sababu nilimkataza asijaribu kuongea. Daktari Mdogo alichovya kioo kidogo chenye mpini mrefu kwenye maji ya moto ili kisiingie ukungu, akapima joto lake nyuma ya mkono wake. Alifunga taa kwenye paji lake. Taratibu akamgusa bega.

"Mpe dada yake aangalie kwanza."

"Mimi?" nilisema.

"Wewe unaziona nyuzi za sauti kila siku kuliko sisi sote."

Nilivaa ile taa. Daktari Mdogo alimshika Kengele ulimi kwa kitambaa, mimi nikapitisha kioo mpaka nyuma ya koo, nikamwambia aseme eee. Katika kioo zikaonekana nyuzi zake za sauti, mbili, zimevimba, nyekundu badala ya nyeupe. Zikakutana. Nikamwambia avute pumzi, zikaachana. Tena eee. Zilifunga pamoja na kufunguka pamoja, ya kulia na ya kushoto, hakuna iliyozembea. Kwa hiyo ule mshipa, uzi wa Taratibu, ulikuwa mzima pande zote mbili. Na kwenye uzi wa sauti wa kulia, kwa nyuma, pale mpira unapopita ukilazimishwa, palikuwa na mchubuko. Sikuhitaji kuuliza umetoka wapi. Utapona baada ya siku chache, nimewaambia wagonjwa wengi hivyo.

"Zote mbili zinatembea," nilisema. "Sawasawa. Sauti imekwaruzwa na mpira. Wangu."

Daktari Mdogo alikaa chini, pale kwenye sakafu, na ule ulimi ukamponyoka.

Kengele aliufunga mdomo, akausugua kwa mgongo wa mkono, akasema kwa ule mkwaruzo wake, polepole kwa sababu kila neno lilimuuma: "Mkimaliza kulia... kuna mtu... ameninyang'anya ulimi."

Nilimnyooshea Taratibu kioo. "Hutaki kuangalia?"

"Umeshaangalia wewe," alisema.

Alikuwa anamtazama Daktari Mdogo pale sakafuni, anayecheka na kupangusa macho kwa kile kitambaa cha ulimi bila kujua. Mimi nikamtazama yeye. Nilikuwa na taa bado kwenye paji la uso, nayo ilimulika usoni kwake bila huruma, kila mkunjo, na nilitafuta kwa makini kama ninavyotafuta kila mahali: wivu, uchungu, kiburi cha mtu anayejua alikuwa na haki. Alifumba macho kwa ule mwanga lakini hakugeuka. Nilitafuta mpaka aliponiomba, kwa adabu, niizime.